Jibu: Minyoo ya chambo kufa usiku ndani ya ndoo

Ndugu yangu wa Likoni, minyoo uliowachimba mikokoni wanakufa ndooni kabla ya alfajiri kwa sababu maji machache, tena kwa joto letu hili la Mombasa, huishiwa hewa upesi. Usiwaache majini. Waoshe matope kwa maji ya bahari, kamwe si ya mfereji, kisha watandaze kwenye sinia juu ya gazeti lililoloweshwa maji hayo hayo na kukamuliwa. Wafunike, uwaweke chini kabisa ya friji, mbali na barafu. Aliyekatika mtoe mara moja! Mmoja akioza huwaharibu wenzake wote, na inauma kupoteza viumbe hai bure. Kamba hai ni kazi nyingine: kama huna pampu ya hewa, wanunue asubuhi ya kwenda kuvua.