LC3-II imepanda: ni usafi au ni foleni?

Ukianza kazi ya autofajia, yaani seli kujisafisha yenyewe, utakutana na mtego huu mapema: bendi (mstari wa protini kwenye jeli) ya protini LC3-II inakoza, unaandika kwamba dawa imeongeza usafi. Subiri. LC3-II hukaa kwenye vifuko vinavyobeba takataka hadi kwenye lisosomu (tumbo la seli lenye asidi), na nyingine humeng'enywa humo pamoja na mzigo. Ikiwa nyingi, huenda vifuko vinaundwa kwa wingi, huenda pia njia imeziba mbele. Na kuziba kwenyewe ndiko kunakoonekana kwa wagonjwa wa Alzheimer: vifuko hurundikana katika matawi ya niuroni yaliyovimba. Hapo dawa ya kuunda vifuko zaidi inaweza kurefusha foleni tu.

Kwa hiyo tenga visima vinne: bila kitu, dawa peke yake, bafilomisini A1 peke yake, na vyote pamoja. Bafilomisini hunyima lisosomu asidi, hivyo umeng'enyaji husimama. Kwa seli za HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara), nanomola 100 kwa saa 2 hadi 4 hutosha. Niuroni hufa upesi, kwa hiyo tafuta dozi ndogo kabisa ambayo ukiipita LC3-II haiongezeki tena. Kisima cha vyote pamoja kikizidi cha bafilomisini peke yake, uundaji umeongezeka kweli. Vikilingana, na dawa peke yake ilikuwa imepandisha bendi, shuku kuziba.

Kwenye jeli, LC3-II hutangulia (takriban kilodaltoni 14, LC3-I, umbo lake lisilo na mafuta, 16) ingawa ndiyo nzito, kwa sababu imebandikwa mafuta. Tumia jeli ya asilimia 15 na utando wa PVDF (plastiki inayopokea protini kutoka kwenye jeli) wenye matundu ya mikromita 0.2; ule wa 0.45 huipitisha protini ndogo ikapotea. Linganisha LC3-II na aktini, protini isiyobadilika sana. Usiigawe kwa LC3-I, maana hiyo huharibika kila sampuli inapoganda na kuyeyuka.

Pima p62 pia, protini inayofunga takataka kwenye vifuko na kumeng'enywa nazo. Usafi ukienda vizuri hupungua, ila msongo wa oksidishaji (madhara ya molekuli kali za oksijeni) huiwasha jeni yake, kwa hiyo angalia na mRNA (nakala ya jeni hiyo).

Mwaka 2006 panya walioondolewa Atg5 au Atg7 (jeni zinazohitajika kuunda vifuko) kwenye niuroni walirundika protini na kushindwa kutembea sawasawa, bila kuongezewa protini yoyote ya ugonjwa. Ndiyo maana jibu la HeLa halitoshi: katika niuroni vifuko vingi huundwa kwenye ncha ya aksoni, kisha daineini (protini-mota) huvivuta hadi kwenye mwili wa seli. Piga picha pande zote mbili, uhesabu kila upande peke yake.