Karnak: Pita Uani, Anzia Ukumbi wa Nguzo

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Kafunga safari hadi Luxor, Misri, kalipa tiketi ya hekalu la kale la Karnak, na alichokiona ni migongo ya watu. Basi lao lilifika saa tano asubuhi, wakapewa dakika 40, jua utosini, kiongozi akasimulia kila kitu wakiwa wamesimama uani. Ananiuliza kama Karnak inasifiwa bure. Haisifiwi bure hata kidogo. Aliyempangia ziara ile kamdhulumu, na namjibu hapa kwa sababu najua wengine wenu mnaweka akiba ya safari hiyohiyo.

Kwanza saa. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi huanza kujaa kuanzia saa mbili na saa tatu, na yale yanayotoka Hurghada, mji wa pwani ulio mwendo wa kama saa nne, huja baadaye zaidi. Kwa hiyo una saa mbili za utulivu, nazo hazirudi tena siku hiyo. Lala Luxor kwenyewe, uamke gizani. Nenda kati ya Novemba na Februari, maana kiangazi joto hupita nyuzi 40 na mawe yale huhifadhi moto kama jiko.

Dirisha la tiketi siku hizi linataka kadi ya benki, noti zako hazitakusaidia. Kadi nyingi za kwetu hufungiwa malipo ya nje mpaka uombe, basi zungumza na benki yako kabla hujapanda ndege. Noti ndogondogo beba hata hivyo, kwa ajili ya choo na teksi. Beba na maji lita moja na nusu kwa kila mtu, viatu vilivyofunika vidole, na tochi ndogo. Ya tochi nitaieleza.

Ukishapita lango la kwanza, utajikuta kwenye ua mpana. Usisimame. Hapo ndipo misafara yote husimama, nawe utarudi baadaye. Nyoosha moja kwa moja hadi ukumbi wa nguzo. Zimo nguzo 134: 12 za katikati zina urefu wa karibu mita 21, na 122 za pembeni ni fupi zaidi. Tazama vichwa vyake. Zile ndefu zimechongwa kama mafunjo yaliyochanua, zile fupi kama mafunjo ambayo tumba lake bado limefumba. Waliojenga walikuwa wanachora kinamasi cha mafunjo kwa mawe. Kisha inua macho penye tofauti ya urefu kati ya nguzo ndefu na fupi: kuna madirisha ya mawe yenye vipasuo, na ndiyo yaliyoingiza mwanga paa lilipokuwa zima. Chini ya mihimili rangi bado ipo, hasa buluu na nyekundu.

Lango liko magharibi, kwa hiyo asubuhi unaingia jua likikupiga usoni. Picha zitatoka nyeusi. Vuka ukumbi mzima, ugeuke, upige ukitazama ulikotoka.

Sasa tochi. Nusu ya kaskazini ya ukumbi ni kazi ya farao Seti wa Kwanza: michoro yake imetokeza, mawe ya pembeni yamepunguzwa ili umbo lijitokeze kidogo. Nusu ya kusini ni ya mwanawe Ramses wa Pili, na michoro mingi imechimbwa ndani ya jiwe. Ukimulika ukuta wa Seti kutoka mbele, unaona jiwe tupu. Shika tochi ubavuni, mwanga uambae na ukuta, na hapo mikunjo ya nguo, vidole, hata manyoya ya ndege yanajitokeza. Usiguse lakini. Chini kwenye vitako utaona unga mweupe: ni chumvi inayopanda na maji ya ardhini, inakauka ndani ya jiwe na kulimenya gamba kwa gamba. Mwaka 1899 nguzo 11 za ukumbi huu zilianguka baada ya misingi kudhoofika. Mkoba unaoegemezwa pale unaondoka na ganda la jiwe.

Mbele zaidi kuna mnara wa Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao, jiwe moja la matale kutoka Aswan, karibu mita 30. Maandishi yake yanasema kazi ya machimboni ilichukua miezi 7. Ncha yake huioni vizuri kutoka chini, ila mnara pacha ulianguka, na kipande chake cha juu kiko karibu na ziwa takatifu. Kifuate huko. Utamwona malkia amepiga magoti mbele ya mungu Amun, karibu zaidi kuliko kwenye mnara mzima.

Nyuma kabisa ni ukumbi wa farao Thutmose wa Tatu, ambao nguzo zake za katikati zimeigwa miti ya hema, nyembamba chini na nene juu. Watu wengi hawafiki. Kwenye kona hizi za mbali mlinzi anaweza kukuita kwa kidole uvuke kamba. Anataka bakshishi, neno lilelile tunalotumia sisi. Mwambie "la, shukran", endelea na njia yako. Akikuzingira, rudi penye watu.

Ukirudi, ingia jumba la wazi la makumbusho upande wa kaskazini wa ua. Ulizia kama tiketi yako inalijumuisha. Kibanda cheupe cha farao Senusret wa Kwanza kina umri wa karibu miaka 3,900, na kimesalimika kwa sababu kilivunjwa: mawe yake yalitumiwa kujaza ndani ya lango la tatu, yakakutwa humo karne iliyopita yakiwa na michoro mikali kama ya jana.

Sasa simama uani. Geukia lango la kwanza uliloingilia, nenda nyuma ya mnara wake wa kusini. Kuna tuta la matofali ya udongo, limelegea, wengi hudhani ni kifusi. Ni njia ya mteremko waliyopandishia mawe. Lango lile halikumalizwa, wajenzi wakaondoka, na tuta lao limebaki pale walipoliacha.