Anzeni na ratiba ya zamu

Mhariri, mmeuliza msimamizi afanye nini akiona mfanyakazi wake amelemewa na mawazo. Kwanza aitazame ratiba ya zamu. Hapa Tanga, maofisini hata viwandani, huitwa mtoa mada wa semina, soda zikanyweka, na kesho yake mtu yuleyule akarudishwa zamu ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa kawaida saa 12 za mapumziko kati ya zamu na zamu. Asiyelala hasaidiwi na semina.

Kisha zungumza naye. Mwite pembeni, tena si wakati anakimbilia daladala. Taja ulichokiona: "Kaka, wiki hii umechelewa mara tatu, na mchana huli na wenzio. Kuna nini?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanawahi kusema "jikaze", naye anafunga mdomo. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake hata kidogo. Asindikizwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa sisi wa mjini ni Bombo.

Daktari akimpa ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazini kwa ugonjwa, iheshimiwe kama ya malaria. Sheria hiyo ya Ajira inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu, mradi kuna cheti cha daktari. Inauma kuona watu wakitumia likizo yao ya mwaka kujiuguza kwa kuogopa kuitwa vichaa! Msimamizi anahitaji kujua siku ngapi na kazi gani asipewe, basi. Jina la ugonjwa halimhusu.

Dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wengi huziacha mapema wakidhani hazifai. Baadhi, kama amitriptyline, huleta usingizi: asipewe foklifti wala kupanda juu mpaka daktari aruhusu. Akirudi, aanze na nusu siku kwa wiki mbili, bila zamu ya usiku, na muulize hali kila wiki. Ramadhani ikikaribia, amuone daktari mapema apangiwe saa za kumeza baada ya futari au daku, asije akaziacha mwenyewe.