Muulize Fundi: RESET yenye mstari kichwani

*Shikamoo fundi. Kaka yangu amerudi na NES, ile mashine ya geimu ya Nintendo, aliyoinunua Uingereza. Taa nyekundu inawaka na kuzima kila sekunde moja hivi, na TV inaonyesha rangi tupu. Nimepata mchoro wa saketi yake, lakini neno RESET lina mstari juu, kama limefutwa vibaya, na penye mistari inayokatana sijui kipi kimeungana na kipi. – Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hilo neno halijafutwa. Mchoraji anakwambia kuwa waya huo unafanya kazi yake ukishuka hadi sifuri. RESET yenye mstari ikiwa na volti 5, chipu inaendesha geimu raha mustarehe. Ikishuka, chipu inasimama, na ikipanda tena inaanza upya. Kiduara kidogo mguuni pa chipu kina maana hiyohiyo. Kwenye michoro mingine utakuta mkwaju badala ya mstari: /RESET.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Nilipima mguu huo nikakuta volti 5, nikajiambia, "Ahaa, reset imeng'ang'ania!" Nikang'oa chipu ya miguu 40 iliyokuwa nzima kabisa, na njia tatu za shaba zikabanduka nayo. Mwenye mashine hakucheka.

Mistari inayokatana ni rahisi: penye nukta nyeusi imeungana, pasipo na nukta imepitana tu.

Sasa chukua mita, weka volti za DC. Ncha nyeusi iende graundi, ambayo kwenye mchoro ni vijistari vitatu vinavyofupika kwenda chini. Nyekundu iende mguu wa 3 wa CPU, yaani chipu kuu inayoendesha geimu, iliyoandikwa RP2A07. Lakini usiutafute mguu huo kwa kufuata sura ya karatasi! Mchoraji huipanga miguu apendavyo ili mistari isisongamane. Shika bodi yenyewe, elekeza pengo la chipu juu: mguu wa 1 uko juu kushoto, hesabu ukishuka.

Ukiona 5, sifuri, 5, sifuri, sambamba na taa, CPU yako haina kosa. Inayoiwasha upya ni chipu ya kufuli, ambayo Nintendo waliiweka ili mashine ikatae kaseti zisizo zao. Ndani ya kaseti kuna pacha wake, nao huongea muda wote geimu linapochezwa. Wasiposikilizana, unaona hicho unachokiona. Mara nyingi ni kutu na uchafu kwenye soketi ya kaseti, ile ya pini 72, kwa hiyo isafishe kwa spiriti, na meno ya kaseti pia, kabla hujagusa pasi ya kulehemu.

Na hiyo kaseti ilinunuliwa wapi? Ya Marekani ukiipachika kwenye mashine ya Uingereza, taa itapepesa vilevile hata soketi iwe inang'aa, maana kufuli zao ni tofauti.