Re: Mama miguu imeisha nguvu, ni uzee au chakula?
Pole sana mkuu. Umesema mama ana miaka 71, anakula ugali na mchuzi tu, na kuinuka kwenye mkeka mpaka ashike ukuta. Ni vyote viwili, misuli inapungua na umri lakini chakula hicho kinaiharakisha. Mzee anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72, na yai moja lina kama 6 tu, so usitegemee mchuzi.

Sisi huku Kigoma dagaa tunao, tuwape wazee wetu jamani! Mama mkubwa wangu hapa Ujiji meno hana, basi tunakaanga dagaa wakavu bila mafuta, tunatwanga kwenye kinu, tunachekecha, unga ule vijiko viwili kwenye uji wa asubuhi na vingine kwenye maharage ya mchana, anakula mwenyewe anaomba tena. Hiyo protini igawe kila mlo, usimrundikie yote usiku. Dagaa wa chumvi achana nao kama ana presha, na kama figo zina shida muone daktari kwanza kabla hujaongeza.

Ila chakula peke yake hakitoshi mkuu, misuli lazima ifanye kazi. Mkalishe kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta, asimame akae mara 8 hivi, asubuhi na jioni, na wewe uwe pembeni umshike akiyumba. Kama udhaifu umekuja ghafla au ni upande mmoja, mpeleke hospitali leo leo.