Wageni wako wa Oslo wasiunganishe ndege ya Pemba siku hiyohiyo

Dada, umeuliza kama marafiki zako wa Oslo wakishuka Unguja waunganishe moja kwa moja hadi Chake Chake. Hapana, nakuomba walale Unguja usiku mmoja. Kwenda Pemba ni kama nusu saa tu angani, lakini ile ndege kubwa ikichelewa, ndogo haiwasubiri. Mgeni wangu yalimkuta hayo. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havifungiki, akasinzia kitini pale uwanjani huku kakumbatia begi. Roho iliniuma sana.

Waambie mapema kwamba hizo ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15, tena mabegi laini. Bima ya Zanzibar, dola 44, ni lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024. Wailipie mtandaoni kabla ya safari. Mifuko ya plastiki waiache kwao. Dawa za kinga ya malaria wamuone daktari huko huko. Na ndani ya ndege wanyanyuke mara kwa mara, wanywe maji.

Wakifika, usiwapeleke popote siku ya kwanza. Watilie maji ya kuoga, wapasulie madafu, teremsha chandarua, waache walale.