Mtoto kukuita "mwanangu" sio tatizo, tatizo ni "yupo tu nyumbani"

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro kanitumia meseji ndefu kama risala ya mwenge. Anasema kwake kila mtu ana neno lake la kumchefua. Mtoto wa kiume kila akifungua mdomo ni "oya", wa kike akiitwa anajibu "nini tena", mume akiulizwa jambo anasema "si ulitaka mwenyewe", na juu ya yote kaja wifi kutoka mkoani kukaa siku mbili tatu ambazo haziishi. Anauliza aanzie wapi. Nikasema hii siijibu inbox naijibu hapahapa, mana najua mko wengi na mimi hayo yote nimeyala mpaka nimeshiba.

Naanza na kijana, ndo rahisi.

Wangu yuko kidato cha tatu. Alivyoenda bweni fom wani alikuwa bado mtoto wa "naam mama", likizo ya kwanza tu karudi mtu mwingine, sijui ni bweni, sijui ni singeli, sijui ni TikTok, kila kitu "noma", kila kitu "freshi", ukimtuma dukani "kausha kwanza maza", ukimuuliza mbona hujafua "aah unazingua". Nikawa nameza. Sasa Jumamosi moja jumuiya ilikuwa inasali kwangu, sebule imejaa wamama, mwenyekiti wetu kakaa pale karibu na friji, tuko katikati ya maombi, mlango wa chumbani unafunguka, anatoka mtu na bukta yake, macho yamevimba usingizi: "Mwanangu, chaja yangu umeiona?"

Ananiambia mimi! Mimi niliyepasuliwa nikamzaa ndo nimekuwa mwanae. Wamama wakainamisha vichwa utasema wamezama kwenye sala, ila mabega yanatikisika, na mmoja kitenge kakiweka mdomoni kabisa. Aibu niliyoona siku ile siwezi kuisimulia. Chaja yenyewe ilikuwa kwenye soketi ya chumbani kwake.

Baba yake aliposikia akataka kutoa mkanda. Nikamwambia tulia baba, hivi wewe na mimi tulikuwa tunaongeaje? Si sisi tuliokuwa tunawaita wazee "mshua" na "dingi"? Enzi za mzee Mkapa hela ikikata si tulikuwa tunasema tuna "ukapa", tunasema mpaka mezani mbele ya wazazi? Na juzijuzi tu hapa kila baba mzima alikuwa anaimba "vyuma vimekaza", kikaoni vyuma vimekaza, ada vyuma vimekaza, mpaka mtoto akiomba jero ya barafu anajibiwa vyuma vimekaza. Hii daladala tunayopanda jina lake limetoka mtaani hukohuko, dala lilikuwa jina la shilingi tano, nauli ya wakati ule, leo hata waziri analitamka bungeni na hakuna anayeshtuka. BAKITA, lile baraza la Kiswahili la taifa, wapo tangu 1967 na wana wataalam wao na ofisi zao, na vijana wa Manzese na Tandale bado wanatoa maneno mapya kila Ijumaa, sasa mimi na mwiko wangu wa Kimara nitawaweza?

Kwahiyo sikupiga mtu. Nilichofanya nilisubiri siku ya kutembelea wanafunzi. Nikapika pilau langu, nikaweka hotpoti, nikavaa gauni langu la kitenge lile la maana. Nafika pale chini ya miti yuko na wenzake wanne hivi wamejipanga wananisubiri na adabu zote, shikamoo mama, shikamoo mama. Nikawaambia "Oya wanangu, niaje? Msosi huu hapa, noma sana, msizingue." Wenzake walikufa kwa kicheko. Yeye alitazama chini utasema kadondosha hela. Tangu siku ile neno "mwanangu" sijalisikia tena ndani ya nyumba yangu, na "oya" nayo imepungua, akijisahau nikamjibu "niaje mchizi" anakimbia mwenyewe. Wenzangu mnaopiga kelele kila siku, kelele zenu ndo zinaipa hiyo misemo utamu. Ichukue wewe, ivae, itoke nayo mbele za watu, mtoto ataitupa.

Ila jamani kuna mambo mimi sifanyii mchezo na hapa naomba mnisikilize vizuri. Shikamoo ipo palepale. Ukiitwa, wa kike "abee", wa kiume "naam", sio "nini", sio "eeh", sio "unasemaje". Na kusonya. Mtoto wangu wa kike, darasa la sita, alianza kusonya, nikimwambia aoshe vyombo naambulia msonyo mrefuuu unaanzia jikoni unaishia uani. Msonyo hata sio neno lakini unauma kuliko matusi, na sikumfanyia vichekesho vya hotpoti, nilimkalisha nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba humu ndani hakuna anayesonya, hata baba yako hasonyi, na sufuria zitaoshwa upya zote hata zile safi. Akaziosha. Watu wa malezi ya kisasa mtaniandikia najua, andikeni tu.

Haya, tumalize watoto, tuje kwa watu wazima ambao ndo wabaya wenyewe.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, mume wangu Mpare wa Same. Mnaojua mnajua, hao ni watani, na utani wetu ni mtamu sana ukiwa na watu wanaoujua. Mpare anamtukana Mchaga hela, Mchaga anamtukana Mpare ubahili na kesi, wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe wawili aendeshe kesi ya kuku, hata msibani mtani anakuja kuigiza marehemu na watu wanacheka machozi yakiwatoka. Na mtani hanuni. Hiyo ndo sheria, ukinuna umeshindwa.

Sasa akaja wifi yangu mmoja. Alikuja kwa matibabu, na matibabu yaliisha, yeye akabaki. Kuanzia asubuhi mpaka usiku mimi sina jina, mimi ni "Mchaga wenu". Nikihesabu chenji ya dukani, "Mchaga kaona hela". Nikisinzia kwenye kochi, "hebu dondosheni sarafu tuone kama kafa". Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikacheka, baadaye nacheka kwa meno tu. Nikasema labda nina roho ndogo, mtani hanuni bwana, vumilia.

Siku niliyojua kwamba huu sio utani ilikuwa ya makande. Nyie mnajua makande kwa Mpare ni kitu gani. Nimelowesha mahindi na maharage usiku, asubuhi na mapema nimewasha mkaa, yamechemka mpaka yakalainika, nikatia nazi, kitunguu, karoti, nimesimama juu ya lile sufuria mpaka miguu inawaka moto, nimeyapakua yanatoa moshi. Mume wangu kala kijiko cha kwanza nikamuuliza vipi. "Sio mbaya."

Sio mbaya! Nani alimuuliza kama ni mabaya? Hapo wifi naye akaweka kijiko chini taratibu, akamgeukia mwanangu wa kike akamwambia "kula mama, ndo makande ya Kichaga hayo, siku ukija kwetu utakula makande ya kweli. Mama yako wa kuja tu."

Wa kuja. Kwenye meza yangu, mbele ya watoto wangu, na nyanya nimenunua mimi. Utani una kurudishiana, wewe unarusha na mimi narusha tunacheka wote, lakini "wa kuja" unairudishaje? Hiyo sio utani na haijawahi kuwa, hiyo ni watu kukwambia kwamba miaka yako yote humu ndani bado hawajakuhesabu. Mpaka leo nikiyapika makande nasikia ile sauti. Nimesamehe, naenda komunyo kila Jumapili, ila kusahau sijasahau na sidanganyi mtu.

Nilifanya hivi. Sikumjibu yeye. Usiku nikamwambia mume wangu, tena sio kwa kulia, nikamwambia "baba, nikiitwa Mchaga nacheka, nikiitwa wa kuja mbele ya wanangu sicheki, na wa kulizungumza hilo na dada yako ni wewe sio mimi." Nikanyamaza. Akajikunakuna, akasema dada naye bwana ana utani sana, nikabaki kimya, akasema tena kitu, nikabaki kimya. Kesho yake asubuhi walikaa nje pale kwenye ngazi wakaongea Kipare wao wawili, sijui waliongea nini maana Kipare changu kinaishia kwenye salamu, ila tangu hapo nikawa "mama" na jina la mwanangu wa kwanza, na mwisho wa mwezi tukampeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi akapanda basi. Nilimfungia na keki. Kwahiyo dada wa Morogoro, wifi wako usipambane naye mwenyewe, mpe kazi hiyo mwenye dada. Ndugu wa mume anaongea na ndugu yake, narudia tena, ndugu anaongea na ndugu yake, ukiingia wewe pale katikati utakuwa ndo mbaya mpaka siku ya kuzikwa.

Sasa huyo mwenye dada naye. Mume wangu ni mtu mzuri, hanywi pombe za kulala baa, ananiheshimu, mbele za watu ananiita mama na jina la mtoto. Lakini alikuwa na neno moja. Akipigiwa simu na rafiki yake akiulizwa shemeji yuko wapi siku hizi, anafanya nini, anajibu "aah, yupo tu nyumbani."

Mimi naoka keki na kukaanga bites. Naamka saa kumi alfajiri. Siku niliyoisikia vizuri ilikuwa Ijumaa, nina oda ya sendofu ya kesho yake, keki ya ngazi tatu iko mezani haijapakwa, sambusa zimepangwa kwenye trei mpaka juu ya kabati, unga umenifika kwenye nyusi, bodaboda wa kupeleka oda nyingine anapiga honi getini, na yeye kapita katikati ya trei zote hizo na simu sikioni, kachukua sambusa moja, akaing'ata, na mdomo umejaa sambusa yangu anasema "mama watoto? yupo tu nyumbani."

Nilitamani nimpake krimu uso mzima.

Lakini ukiongea ukiwa na hasira mwanaume anasikia hasira tu, maneno hayasikii. Nikasubiri hela ya sendofu iingie. Jumapili jioni, kashashiba, Simba kashinda, nikaleta daftari langu la oda nikamfungulia tu, sikuhubiri, nikamwambia nisaidie kujumlisha mi macho yanauma. Akajumlisha. Akajumlisha tena. Akaniuliza "hii ni ya mwezi mmoja?" Nikamwambia ndo hiyo ya mtu aliyepo tu nyumbani. Sitaji kiasi hapa, mna ndugu zenu humu watakaokuja kukopa, ila muhula uliofuata ada ya kijana nimelipa mimi, yote, kwa simu yangu, na meseji ya malipo nikamtumia yeye. Siku hizi akiulizwa anasema "ana kampuni yake ya keki". Kampuni ni mimi na oveni moja na dada wa kusaidia, lakini sijamsahihisha.

Wanawake wenzangu, wengi wenu mnamaliza nguvu kupigana na "oya" ya mtoto wa miaka kumi na sita wakati mnaitwa watu wasiofanya kitu ndani ya nyumba mnazozilisha. "Oya" itapita yenyewe, akioa atasahau. Lakini mtoto akikua anasikia mama yupo tu, mama wa kuja, mama sio mbaya, naye atamsema hivyo mke wake. Chagua la kupigana nalo. Na sio lazima upige kelele, ongea siku hujakasirika, ongea na mwenye kuhusika, ongea ukiwa na daftari mkononi.

Kuhusu "si ulitaka mwenyewe" ya mume wako, hiyo mjibu "ndio nilitaka, sasa tunafanyaje?" kila mara, usibadilishe hata herufi, atachoka. Wangu alikuwa nayo ikamtoka.

Lile ambalo nimeshindwa kabisa nawaambia ukweli ni "tutaona". Watoto wakimuomba kwenda Kunduchi kuogelea, tutaona. Nikimwambia bomba la chooni linavuja, tutaona. Desemba twende Moshi kwetu au Same kwao, tutaona, mpaka nauli zimeshapanda na siti zimeisha ndo tunaonea hapo stendi. Nimejaribu daftari, nimejaribu kunyamaza, nimejaribu kumrudishia mwenyewe akiuliza leo tunakula nini, akaenda akala chipsi kuku akarudi anajipigia mluzi. Mwenye dawa ya hilo aniandikie, na kama ni ya kunywa aseme na kipimo.